Apatimenti ya kupanga Kinyerezi: nyumba ni ya kawaida, anayestahili nyota ni mwenye nyumba

Naandika hii kwa ajili ya wanaotafuta nyumba Dar sasa hivi, hasa huku Tabata, Segerea mpaka Kinyerezi, maana kila mtu anayeniuliza kuhusu ninapokaa anauliza marumaru zikoje, jiko lina makabati, masta ipo, gari linaingia ndani, basi imeisha. Hakuna anayeuliza mwenye nyumba yukoje. Wakati mimi nimeshakaa kwenye nyumba kali kuliko hii, dirisha za aluminiamu, silingi ya jipsamu yenye taa za rangi, na nikaondoka pale nimechoka roho, kwa hiyo safari hii review yangu inaanza na mtu kabla ya nyumba.

Ila nyumba kwanza kidogo ili mjue tunazungumzia nini. Ni jengo la juu na chini, familia nne ndani ya fensi moja, vyumba viwili kimoja masta, sebule ya kawaida, jiko dogo, choo cha wageni na kibaraza cha nyuma cha kuanikia nguo. Laki tatu na nusu kwa mwezi, unalipa miezi sita, dalali anachukua ya mwezi mmoja kama ilivyo mji mzima. Marumaru ni zile za zamani za rangi ya maziwa, makabati ya jiko ni mbao ya kawaida na mlango mmoja umelegea bawaba. Hewa inapita vizuri, mwanga upo. Kutoka kituoni ni barabara ya vumbi, masika inakuwa tope, ukiwa na kigari kidogo utaipata. Kwenye picha hii nyumba huwezi kuipigia simu, nawaambia ukweli.

Sasa mwenyewe. Ni mama mtu mzima, mstaafu, haishi hapa, anakaa upande mwingine wa mji. Tulivyokutana mara ya kwanza nilimsalimia shikamoo mama, akaitika, na kabla hata ya habari ya hela akaniambia mwanangu twende tuikague nyumba wote. Yaani tulizunguka chumba kwa chumba, anawasha kila swichi, anafungua kila bomba, anavuta flashi ya choo, anafungua dirisha na kulifunga, na kila chenye kasoro anakiandika kwenye daftari: soketi ya chumbani karibu na dirisha haifanyi kazi, kitasa cha masta kigumu, kigae kimoja cha bafuni kimepasuka. Mwisho akasaini yeye na mimi, nikapiga picha ukurasa. Soketi na kitasa fundi alikuja kuvitengeneza kabla sijaingiza kitanda. Kigae bado kimepasuka mpaka leo lakini kwenye daftari kipo, kwa hiyo siku naondoka hakuna wa kunidai.

Watu wanaona hiyo ni roho nzuri ya mama wa watu. Ni roho nzuri kweli, ila jamani tujue pia kwamba hayo ni wajibu, na wajibu wenyewe upo kwenye sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ile Sura ya 113, kifungu cha 88, inaweka masharti ambayo yanahesabika yapo ndani ya mkataba wa pango hata kama hayakuandikwa: nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa binadamu kukaa siku unaingia na kiendelee kufaa muda wote wa mkataba, na kama umepanga sehemu tu ya jengo basi paa, kuta za nje, mifereji mikuu na vile mnavyotumia kwa pamoja ni vya mwenye nyumba kuvitunza. Kifungu kinachofuata, cha 89, ndio chetu wapangaji, kulipa kodi kwa wakati, kutunza nyumba na kadhalika. Yaani pande zote mbili zimebanwa. Tatizo ni kwamba mikataba mingi ya kupanga mtaani inaandikwa upande mmoja tu, kurasa mbili za mpangaji hataruhusiwa hiki na kile, mwenye nyumba kwake ni kupokea hela. Wa huyu mama una sehemu ya mwenye nyumba, imeandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka, na nadhani hapo ndipo nilipoamua kulipa.

Twende kwenye umeme maana huko ndiko nyumba nyingi zinaharibika. Kila familia ina mita yake ya LUKU, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia, hakuna habari ya kuchangia mita moja watu wanne halafu mwenye friji mbili anakula umeme wa mwenye redio. Kabla ya kuingia nilimuomba namba ya mita nikanunua umeme wa elfu mbili nione kama kuna deni linakatwa, hakukuwa na deni la mpangaji aliyepita. Pampu ya maji, taa za nje na za ngazi zina mita yao ya tano na hiyo ni ya mwenye nyumba. Nilikotoka pampu ilikuwa imeunganishwa kwenye mita yangu kimyakimya, naona tu yuniti zinaisha, mpaka fundi alipokuja kubadilisha brekeri ndio akaniambia dada mbona wewe unawasukumia maji jengo zima. Nilivyomwambia mwenye nyumba wa kule akanijibu kwani maji we hutumii.

Halafu kuna kodi ya jengo. Hii naomba muisome vizuri. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa ghorofa, mwaka 2023 ikapanda ikawa 1,500 na 7,500. Ukinunua umeme mara ya kwanza kwenye mwezi inakatwa hapohapo, na kama hukununua mwezi uliopita inalimbikizwa. Ni kodi ya mwenye jengo, sio ya mpangaji, ila inakatwa kwa anayenunua umeme, na anayenunua umeme ni mimi na wewe. Serikali ilivyoanzisha huu utaratibu ilisema wazi mpangaji na mwenye nyumba wakubaliane namna ya kurudishiana. Sasa niambieni ni wangapi mmerudishiwa.

Mita yangu inakatwa 7,500. Huyu mama, kwenye mkataba, kipengele kipo: kodi ya jengo inayokatwa kwenye mita ya mpangaji itapunguzwa kwenye pango la awamu inayofuata. Ninachofanya natunza zile meseji za LUKU, ile inayoonyesha makato mengine na pale chini makato ya kodi ya jengo, nikikaribia kulipa namtumia zote WhatsApp, anajumlisha, anatoa. Kwa miezi sita ni elfu arobaini na tano. Hiyo ni gesi na inabaki. Na hata mara moja hajanitumia sauti ya kulalamika, anajibu tu sawa mwanangu nimeziona. Mpangaji mwenzangu wa juu naye anarudishiwa kulingana na mita yake. Nyumba ya awali niliwahi kuuliza hilo swali nikaambiwa kama kodi ya serikali inakushinda kapange kijijini, na mpaka naondoka pale sikurudishiwa hata mia.

Maji ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, kila nyumba ina mita ndogo, bili ikija inagawanywa kwa mita, risiti unaonyeshwa. Juu kuna simtanki mbili kubwa. Hapa ndipo nilimuona mama vizuri. Kuna kipindi mgao wa maji ulikuwa mkali, maji yanatoka usiku tu, na katikati ya mgao huo pampu ikaungua. Tukampigia. Hakusema subirini mwisho wa mwezi, hakusema nani aliiwasha ikiwa kavu, alisema fundi anakuja jioni na kweli jioni fundi akaja, akaifungua pale chini ya ngazi, kopa imeungua inanuka, haitengenezeki. Kesho yake ikaletwa mpya. Ila kilichonigusa ni kwamba hiyo asubuhi kabla pampu mpya haijafika aliagiza boza la maji kwa hela yake, likajaza madumu na ndoo za nyumba zote nne, pamoja na ya kijana wa chini ambaye wakati huo alikuwa anadaiwa kodi. Hakumtenga. Alisema deni ni lake na mimi, maji ni ya watoto.

Mambo ya paa. Masika ya mwaka jana upande wa juu kulivuja, mimi nipo chini sikuona kitu, jirani yangu wa juu silingi ilifanya doa la kahawia, likaanza dogo kama sahani likawa linatanuka. Mafundi wa kwanza walioletwa waliziba kwa lami juu juu, mvua iliyofuata maji yakapita palepale. Mama alikuja mwenyewe, mtu mzima yule, akasimama na mwavuli uani akamwambia fundi panda utoe bati lile lote uangalie mbao. Kumbe misumari ilikuwa imelegea na bati moja limetoboka kwenye mkunjo. Likabadilishwa, silingi ikabadilishwa, ukuta ukakwanguliwa ile fangasi na kupakwa rangi upya, na godoro la jirani lililolowa akalipa nusu ya bei bila kubishana sana. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyopenda, sitaki kudanganya, kati ya fundi wa kwanza na kazi kukamilika mvua zilinyesha sana na yule dada alilala sebuleni na watoto. Kwa hilo nampunguzia.

Kuhusu kuingia ndani kwako: hapigi hodi ghafla. Anatuma meseji, nakuja Jumamosi saa nne kuangalia chemba (shimo la maji taka), upo? Ukisema haupo anapanga siku nyingine. Funguo ya akiba hana, alinikabidhi zote. Hili linaonekana dogo mpaka uishi na mtu anayejiingilia. Sheria ileile ya Ardhi inasema mpangaji anayelipa kodi na kufuata masharti yake akae kwa amani bila kuingiliwa na mwenye nyumba, kwa hiyo zile habari za mtu anakuta kufuli jipya mlangoni, au bati za juu zimetolewa ili ahame mwenyewe, hizo sio ukali wa mwenye nyumba, ni kuvunja sheria. Mwenye madai aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lipo kwa kazi hiyo. Na kabla ya huko ofisi ya serikali ya mtaa inasuluhisha mengi, mwenyekiti akiwaita wote wawili na mkataba mezani mara nyingi yanaisha. Yule kijana wa chini anayedaiwa mama alimpeleka huko, wakaandikishana alipe kidogokidogo, amelipa, bado yupo.

Jambo lingine ambalo sikuwahi kuliona popote. Familia iliyokuwa mlango wa pili wangu, baba alihamishiwa kazi Dodoma ghafla wakati wameshalipa miezi sita na wamekaa miwili. Sote tulijua hela imeenda, maana ndivyo inavyokuwa. Mama akawaambia hameni kwa amani, nikipata mpangaji nawarudishia kuanzia siku anayoingia. Nyumba ilikaa wazi wiki kadhaa, akapatikana mtu, akawatumia kodi ya miezi iliyobaki kwa simu, akakata zile wiki tu. Hakulazimishwa na mtu, mkataba haukusema hivyo. Nilivyomuuliza akasema hela ya nyumba moja siwezi kuila mara mbili. Mimi suala la kulipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo linaniuma sana, vijana wanaoanza kazi wanakopa kwa riba ili wapate pa kulala, na ningependa sana tufike mahali watu walipe kwa mwezi, ila kama ndio mazoea ya mji basi angalau wenye nyumba wawe na moyo huu.

Haya sasa mabaya, maana sio kila kitu ni sukari.

La kwanza ni chemba. Mkataba unasema ikijaa wapangaji wanachangia gari la maji taka, nusu yetu nusu yake. Nililisaini kwa hiyo nalipa, lakini sikubaliani nalo na nimemwambia hivyo. Shimo lenyewe ni dogo kwa familia nne, linajaa upesi, na udogo wa shimo ni kosa la ujenzi, sio la anayetumia choo. Kabla gari halijaja kuna siku mbili tatu za harufu ambayo inaingia mpaka jikoni. Mfumo wa maji taka wa jengo zima ni wa mwenye jengo. Ajenge shimo la pili, nafasi ipo nyuma pale kwenye mpapai, akishajenga mimi kuchangia kunyonya sitaona tabu.

La pili ndilo kubwa. Mbele ya fensi kuna fremu mbili za huyohuyo mama, moja duka la dawa, hilo halina shida na mtu. Ya pili aliipangisha kwa fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, grinda inalia kuanzia asubuhi, cheche zinaruka mpaka karibu na geti letu, na oda ikiwa nyingi anafanya mpaka saa nne usiku. Mtoto wangu mdogo alikuwa anashtuka usingizini, jirani wa juu mwenye pumu akawa hafungui dirisha la mbele kabisa kwa sababu ya moshi na harufu ya rangi. Umeme nao ukawa unachezacheza, taa inafifia kila akichomelea. Fundi mwenyewe ni mtu mwema tu anatafuta riziki, simlaumu. Namlaumu mama. Kwenye kifungu kilekile cha 88 imo pia kwamba mwenye nyumba asiitumie wala asiruhusu itumike ardhi yake ya jirani kwa namna itakayofanya ile aliyokupangisha isifae kwa kazi uliyoipangia. Mimi nimepanga pa kulala. Huwezi kuchukua kodi yangu ya kulala na huku ukachukua kodi ya mtu wa kunizuia kulala, zote zikaingia mfuko mmoja.

Tulimwandikia barua wapangaji wote wanne, ya adabu kabisa, shikamoo mama tunaomba hili na hili. Hapo alikuwa mzito, hakujibu haraka kama alivyo kwenye mambo ya bomba, nadhani fremu ile inamlipa vizuri. Baadaye alikuja, akakaa na fundi, akaweka saa: anaanza saa mbili asubuhi anaacha saa kumi na mbili jioni, Jumapili hakuna, na aweke pazia la bati upande wa geti. Pazia limewekwa. Saa zinafuatwa wiki tatu, wiki ya nne zinasahaulika, tunampigia, zinarudi. Ndivyo tunavyoishi.

Kwa hiyo nyota nne. Ingekuwa tano bila ile grinda na lile shimo. Wanaofikiria kuja, kuna ya juu upande wa kulia itakuwa wazi karibuni, jueni kwamba kule juu joto la mchana kiangazi ni kali na feni utahitaji mbili, na kelele za fremu zinafika kwa nguvu zaidi kuliko chini kwetu kwa sababu geti halizuii. Mwenye pumu asiichukue. Mwenye mtoto mchanga aje kwanza siku ya kazi saa tano asubuhi asikie kwa masikio yake, asije Jumapili, dalali atamleta Jumapili. Waambieni wawape namba ya mita kabla ya kulipa, muulizeni mama mwenyewe kuhusu kodi ya jengo, atawajibu bila kukunja uso, na lile daftari lake mpige picha kila ukurasa.

Mimi mkataba wangu unaisha mwezi wa tisa na nimeshamwambia nabaki. Nimeomba kwenye mkataba mpya ziandikwe zile saa za fundi, na kwamba zikivunjwa kuna kiasi kinapunguzwa kwenye pango. La saa amekubali. La kupunguza amesema mwanangu niachie nilifikirie, na mimi nimemjibu sawa mama, ila sitasaini kabla hujanijibu.